Amana ya Kiti cha Watu
Somo juu ya mtumishi wa serikali anayezuiliwa na dhamiri yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaamrisha waja Wake kutekeleza amana. Na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Utangulizi

Kaskazini ya Buffalo, katika jimbo la New York, kando ya mto Niagara, upo mji uitwao Tonawanda. Katika pande hizo za Buffalo wamehamia wakimbizi wengi waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, na wamo miongoni mwao wasemao Kiswahili. Hali ni kama hiyo katika Louisville, mji mkubwa wa jimbo la Kentucky, na katika Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, ambako Wasomali wamekuwa jamii kubwa. Familia nyingi za Ghuba zina jamaa, au watoto wanaosoma, katika miji ya nchi hiyo.

Mtu wa Tonawanda akitaka kuoa, kwanza huenda kwa karani wa mji akaandikiwa ruhusa ya ndoa. Akitaka leseni ya kuendeshea gari, huenda katika ofisi iliyo chini ya karani wa wilaya ya Erie, ambaye huchaguliwa kwa kura. Hivyo sehemu kubwa ya maisha ya watu hupita katika dirisha dogo, na nyuma ya dirisha hilo amekaa mtu mwenye muhuri.

Basi masuali ya somo hili ni mawili. Mwenye muhuri akiona kuwa kazi fulani inapingana na imani yake, afanye nini? Na yule mwenye haja aliyesimama nje ya dirisha, haki yake iende wapi?

Maana ya amana na dhamiri

Amana ni kila kitu alichokabidhiwa mtu ili akihifadhi au akifikishe, hali ya kuwa si chake. Fedha ya yatima ni amana, siri ni amana, na cheo pia ni amana. Karani hakuumiliki muhuri anaoushika. Aliukuta mezani siku alipoingia kazini, na atauacha mezani siku atakapotoka.

Dhamiri ni ile hukumu iliyomo ndani ya moyo inayomwambia mtu kuwa jambo hili ni halali na lile ni haramu. Dhamiri ni mali ya mtu mwenyewe, naye ataulizwa juu yake mbele ya Mola wake.

Mushkeli hutokea pale mtu mmoja anapobeba vitu hivi viwili kwa pamoja: muhuri ambao si wake na dhamiri ambayo ni yake. Yaliyotokea katika majimbo matatu ya Marekani yanalidhihirisha jambo hili vizuri.

Tukio la kwanza: Kentucky, mwaka 2015

Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa majimbo yote yaandikishe ndoa za watu wa jinsia moja. Hukumu ya Uislamu juu ya jambo hilo inajulikana, nayo siyo maudhui ya somo hili. Maudhui ni yaliyotokea dirishani baada ya hapo.

Katika wilaya ya Rowan, mashariki ya Kentucky, alikuwapo karani aitwaye Kim Davis. Mama yake alikuwa karani wa wilaya hiyo hiyo kwa miaka 37, na binti akachaguliwa kushika nafasi yake, akaingia kazini Januari 2015. Bibi huyu ni Mkristo mwenye kushika dini yake. Alisema kuwa jina lake haliwezi kuwekwa juu ya hati ya ndoa ya namna hiyo. Ili asionekane anabagua, aliacha kuwaandikia ndoa watu wote, mwanamume na mwanamke pia, na akawazuia makarani walio chini yake wasiandike.

Jambo hili lizingatiwe vizuri. Kijana wa Kiislamu aliyetaka kumuoa mchumba wake kwa sheria katika wilaya ile, naye angelirudishwa, akaambiwa aende wilaya nyingine. Imani ya mtu mmoja ilifunga mlango mbele ya watu wote.

Mwezi wa Agosti Jaji David Bunning alimuamuru aendelee na kazi, naye akakataa. Tarehe 3 Septemba alipelekwa jela kwa kudharau amri ya mahakama, akatolewa tarehe 8. Alipokuwa jela, makarani wake waliandika hati hizo. Mwishoni mwa mwaka, Gavana mpya, Matt Bevin, aliamuru majina ya makarani yaondolewe katika hati, na mwaka 2016 Baraza la Kutunga Sheria la Kentucky likalithibitisha jambo hilo kwa sheria. Basi njia ya kuisalimisha dhamiri ya karani bila ya kuwarudisha watu ilikuwako, lakini ilikuja baada ya fitina.

Gharama nayo ilikuwa kubwa. Mahakama iliamua kuwa jimbo la Kentucky lilipe zaidi ya dola 220,000 kwa ajili ya mawakili wa watu waliorudishwa, na fedha hizo ni za walipa kodi. Mwaka 2018 karani huyo alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama lilihukumu alipe dola 100,000 kwa watu wawili aliowakatalia, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa yake.

Tukio la pili: Ohio, mwaka 2015

Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo, katika mji wa Toledo, Jaji C. Allen McConnell alikuwa na zamu ya kufungisha ndoa za kiserikali. Wakaja wanawake wawili, naye akakataa kwa sababu ya imani yake ya Kikristo. Wakasubiri, kisha jaji mwengine akaifanya kazi hiyo. Jaji McConnell aliomba radhi kwa kuwachelewesha, na akasema atataka mwongozo kutoka Columbus.

Mwongozo ulitoka mwezi wa Agosti. Bodi ya Maadili ya Majaji chini ya Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema kuwa jaji mwenye kufungisha ndoa hawezi kuwachagua wa kuwafungisha na wa kuwaacha. Ikaongeza kuwa hawezi pia kuacha kufungisha ndoa zote kwa lengo la kuwakwepa watu hao tu. Sababu yao ni kuwa jaji amekula kiapo, na watu wakiona kuwa kiapo chake kina mlango wa nyuma, hawatamuamini hata katika kesi nyingine.

Ubora wa jaji huyu ni kuwa aliuliza. Hakuifanya rai yake kuwa sheria. Aliipeleka kwa wenye mamlaka ya kuamua, jawabu likaja.

Tukio la tatu: New York, mwaka 2011

Miaka minne kabla ya hapo, jimbo la New York lilipitisha sheria yake lenyewe juu ya ndoa hizo, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 24 Julai 2011. Makarani wawili wa miji midogo walishika njia mbili tofauti.

Wa kwanza ni Laura Fotusky, karani wa mji wa Barker. Aliandika barua ya kujiuzulu, akaeleza kuwa imani yake haimruhusu kutia saini, akaondoka siku chache kabla ya sheria kuanza. Hakumfungia mtu dirisha. Aliacha mshahara na kiti, na kazi ikashikwa na mwengine.

Wa pili ni Rose Marie Belforti, karani wa mji wa Ledyard. Yeye alibaki kazini, lakini akaikabidhi kazi ya hati za ndoa kwa naibu wake. Wanawake wawili walipofika waliambiwa warudi siku nyingine kwa miadi. Jambo hilo likazua malalamiko, lakini Novemba ya mwaka huo watu wa mji walimchagua tena.

Msomaji atazame tofauti baina ya wawili hawa. Mmoja alibeba gharama yote yeye mwenyewe. Wa pili aligawa gharama: sehemu akaibeba naibu wake, na sehemu wakaibeba waliorudishwa kusubiri.

Tukio la nne: wilaya ya Erie, mwaka 2019

Sasa mazungumzo yanarudi Tonawanda, na hapa ndipo penye mtihani wa insafu. Pengine aliyesoma matukio yaliyopita moyo wake ulimuelekea karani wa Kentucky, kwa kuwa alikataa jambo ambalo hata Muislamu analikataa. Basi alisome na hili.

Mwezi wa Juni 2019 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwapa wahamiaji wasiokuwa na hati za ukaazi haki ya kupata leseni ya kuendeshea gari. Mtu asiye na leseni katika nchi ile, ambako majira ya theluji ni marefu, hawezi kufika kazini, wala kumfikisha mtoto wake hospitali, ila kwa khofu. Karani wa wilaya ya Erie, Michael Kearns, alipinga. Hoja yake ilikuwa kuwa sheria ya jimbo inapingana na sheria ya nchi juu ya wahamiaji, na kuwa akiitekeleza atakuwa amevunja kiapo chake. Makarani wengine wa pande hizo walikuwa na rai kama yake.

Hata hivyo, Kearns alilipeleka jambo hilo mahakamani kabla ya sheria kuanza, akaomba akingwe asije akaondolewa kazini na Gavana. Novemba 2019 mahakama iliyoko Buffalo iliitupa kesi yake, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo. Sheria ilianza kufanya kazi katikati ya Disemba 2019.

Na katika kiti hicho hicho pana ibra nyingine. Mwaka 2007 Gavana wa wakati huo alitaka kuwapa wahamiaji hao leseni. Karani wa Erie alikuwa Kathy Hochul, naye alipinga vikali, mpango ukafutwa. Sheria ilipopita mwaka 2019, bibi huyo alikuwa Naibu Gavana, na rai yake ilikuwa imegeuka akiiunga mkono. Mwanaadamu kubadilisha rai si aibu. Lakini lau haki ya mtu kupata leseni ingelikuwa inafuata moyo wa aliyekaa kitini, basi ingelifunguka na kufungika kama dirisha lililopigwa na upepo.

Hapa ndipo pana kiini cha somo. Ufunguo anaoutumia karani wa kumpendeza mtu leo, karani mwengine atautumia kesho kumfungia mlango mtu huyo huyo. Atakayesema kuwa afisa ana haki ya kuzuia kazi kwa sababu ya imani yake, na ajiulize: binti yake akienda kupigwa picha ya leseni amevaa hijabu, na karani akaamini kwa ikhlasi kabisa kuwa hijabu ni dhulma kwa wanawake, je, ataridhika arudishwe? Na jamaa wakipeleka ramani ya msikiti, na mwenye muhuri dini yake ikamkataza kuusaidia Uislamu, je, wataipokea hoja yake? Mizani ni moja, na haibadiliki kwa kubadilika anayepimiwa.

Mtu wa Louisville

Huenda akasema msemaji: Je, hakusifiwa Muhammad Ali kwa kukataa amri ya serikali?

Jawabu: Ndiyo, alisifiwa. Bingwa huyu wa ngumi alizaliwa Louisville mwaka 1942. Tarehe 28 Aprili 1967 alikataa kuingizwa jeshini kwenda kupigana Vietnam, akisema dini yake haimruhusu. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000, akazuiliwa kupigana kwa muda wa zaidi ya miaka 3 katika siku za nguvu zake. Hakuingia jela kwa kuwa rufaa yake ilikuwa inaendelea, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliifuta hukumu hiyo.

Lakini Ali hakuwa na muhuri wa watu mkononi mwake. Alichotakiwa kukitoa ni mwili wake, na alichokikataa ni kitendo cha mkono wake mwenyewe. Gharama yote ilimuangukia yeye, wala hapana mtu aliyesimama dirishani akamnyima haki yake. Hii ndiyo tofauti baina ya raia anayekataa na afisa anayezuia. Wa kwanza hutoa chake, na wa pili hushika cha mwenzake.

Mizani ya wema waliotangulia

Inasimuliwa kuwa Imamu Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa aliyeishi Basra, alitakiwa ashike ukadhi katika zama za utawala wa Hajjaj. Akajitoa kwa upole, akasema kuwa yeye ni dhaifu, hata ugomvi wa mwanamke na mtumishi wake hawezi kuusuluhisha. Hajjaj akaona kuwa huo kweli ni udhaifu, akamuacha. Imamu alijua kuwa katika utawala ule atatakiwa kuhukumu yasiyoridhisha, basi hakuingia. Hakuukubali ukadhi kisha akaufunga mlango wa baraza kwa wenye mashtaka.

Na katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, pana upande wa pili wa jambo hili. Yeye aliomba mwenyewe asimamishwe juu ya hazina za Misri, chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Njaa ilipokuja, waliofika ghalani ni watu wa kila namna, na miongoni mwao walikuwamo ndugu zake waliomtupa kisimani. Aliwajua, nao hawakumjua, na funguo zilikuwa mikononi mwake. Aliwapimia kwa ukamilifu. Kinyongo chake, hata kingekuwa cha haki, hakikuwa na nafasi katika kipimo cha nafaka ya watu.

Kutokana na visa hivi viwili na matukio yaliyotajwa, zinapatikana njia tatu safi kwa mtumishi ambaye dhamiri yake inamzuia:

Kwanza, asikubali kazi ambayo anajua toka mwanzo kuwa hataweza kuitekeleza, kama alivyofanya Imamu Jabir.

Pili, akiwa kazini na sheria ikabadilika, alieleze jambo lake mapema na kwa uwazi, aombe kazi hiyo ishikwe na mwengine kwa utaratibu wa sheria, kwa sharti kuwa mwenye haja hatorudishwa, hatocheleweshwa wala hatofedheheshwa. Sharti hilo lisipotimia, njia hii imeharibika.

Tatu, ikiwa hilo haliwezekani, aache kazi, naye atakuwa amehifadhi dini yake na amana ya watu kwa pamoja.

Ama kubaki kitini, kupokea mshahara, na kulifunga dirisha, hiyo si njia katika hizo. Ni kuitakasa nafsi kwa gharama ya mwengine.

Shaka mbili na jawabu zake

Shaka ya kwanza: Wakiondoka wenye dini, je, vyeo havitabaki kwa wasio na dini?

Jawabu: Mwenye dini anatakiwa katika kazi ya umma kwa sababu ya uaminifu wake. Watu wakizoea kuwa mwenye dini hufunga milango, watamkhofu kabla ya kumjua, na watoto wake ndio watakaolipa. Na kujiuzulu kwa mtu mkweli huwafundisha watu juu ya imani yake zaidi ya hotuba nyingi.

Shaka ya pili: Je, maana yake ni kuwa afisa atii kila amri?

Jawabu: Hasha. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumdhulumu mja wa Mwenyezi Mungu. Mwaka 1940, katika mji wa Kaunas nchini Lithuania, balozi mdogo wa Japani, Chiune Sugihara, aliwaona wakimbizi wa Kiyahudi wamejaa mlangoni pake wakitafuta njia ya kuikimbia mauti. Wizara yake ilimkataza kuwapa viza wasiotimiza masharti. Akawaandikia maelfu ya viza kwa mkono wake, na mwaka 1947 akatolewa katika utumishi. Naye alikataa amri, lakini kukataa kwake kulifungua dirisha, na gharama akaibeba yeye.

Hiki basi ndicho kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukishika. Mtu anaposema, "Dhamiri yangu hainiruhusu," na aulizwe: Nani atakayelipa? Akiwa ni yeye, maneno yake yana uzito. Akiwa ni yule aliyesimama nje na karatasi zake mkononi, basi maneno hayo yahitaji kupimwa tena.

Khatima

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa imeamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na ikaamrisha uadilifu baina ya watu wote, bila ya kuitaja dini ya mwenye kufikishiwa. Mzazi anayemlea mtoto wake Maskati, Dubai au Tonawanda, na amfundishe mambo mawili kwa pamoja: asiiuze dini yake kwa ajili ya cheo, wala asitumie cheo kuchukua haki ya mtu kwa jina la dini.

Mwenyezi Mungu Awajaalie waja Wake kuwa miongoni mwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Masuali ya kujipima

1. Eleza tofauti baina ya muhuri wa karani na dhamiri yake.
2. Kwa nini Waislamu wa wilaya ya Rowan nao wangelidhurika?
3. Linganisha alichofanya karani wa Barker na alichofanya karani wa Ledyard. Nani alibeba gharama?
4. Taja njia tatu safi, na sharti la njia ya pili.
5. Mzee na watoto wazungumze nyumbani: Lau mmoja wao angekuwa mwenye muhuri, ni kazi gani ambayo asingeiweza, na angelifanya nini kabla ya kuingia kazini?